Kumsikia Mwimbaji wa Sauti ya Chini London: Kuanzia Tiketi hadi Treni ya Kurudi

Arlo Parks, mzaliwa wa London aliyetwaa Tuzo ya Mercury mwaka 2021, huimba kama anayekunong'oneza. Kwa wasanii wa namna hii maneno ndiyo shoo yenyewe; yakikupita, umelipa bure. Ndiyo maana kila hatua hapa chini inalenga kukufikishia maneno.

Hatua ya 1: Chagua ukumbi kwanza, tarehe baadaye

Union Chapel, Islington, ni kanisa la karne ya 19 ambalo ibada bado zinafanyika. Huingiza watu 900 hivi, wote wameketi kwenye mabenchi, nao hunyamaza. Roundhouse ya Camden, iliyojengwa mwaka 1847 kuwa banda la injini za treni, huingiza kama 3,000 wakisimama. O2 Academy Brixton huchukua karibu 5,000, ila sakafu yake inateremka kuelekea jukwaani, hivyo mfupi naye anaona. Msanii akipita zaidi ya ukumbi mmoja, chukua mdogo, hata kama ni katikati ya wiki.

Hatua ya 2: Pata tiketi

Jiandikishe kwenye orodha ya barua pepe ya msanii mapema, maana wanachama mara nyingi hupewa nafasi ya kununua siku moja au mbili kabla ya wengine. Mauzo ya wote kwa kawaida hufunguliwa Ijumaa saa nne asubuhi ya London. Ukiwa Nairobi au Dar, hiyo ni saa sita mchana kipindi cha kiangazi cha Uingereza, na saa saba kipindi cha baridi. Wengi hukosea hapo.

Ingia kwenye akaunti yako dakika 15 kabla, kadi ikiwa imeshahifadhiwa. Hakikisha benki imekufungulia malipo ya mtandaoni ya nje, na simu inayopokea namba ya uthibitisho iko mkononi. Ukishawekwa kwenye foleni, usifungue ukurasa upya. Unaweza kurudishwa nyuma.

Zikiisha, usikimbilie walanguzi. Tovuti ya Twickets huuza tiketi za watu walioghairi kwa bei isiyozidi ile ya awali. Angalia pia siku chache kabla ya shoo: waandaaji huzuia nafasi kadhaa hadi wajue mitambo itakaa wapi, kisha huziachia.

Hatua ya 3: Soma saa na mzigo

"Doors 19:00" kwenye tiketi ni saa moja jioni, milango kufunguliwa tu. Msanii wa utangulizi hupanda karibu saa mbili, mwenyewe karibu saa tatu, na kumbi nyingi hufunga muziki saa tano usiku. Beba kitambulisho chenye picha. Begi lisizidi ukubwa wa karatasi ya A4, la sivyo linaweza kuzuiwa mlangoni.

Hatua ya 4: Simama panaposikika

Hapa ndipo wapenzi wengi hujinyima wenyewe. Wanapanga foleni mchana kutwa ili wabanane na jukwaa, kisha wanasikia ngoma na gita kuliko sauti. Sababu ni kwamba sauti ya mwimbaji hutoka kwenye spika kubwa za pembeni, zilizoninginizwa juu na kuelekezwa katikati ya ukumbi. Ukiwa chini kabisa mbele, inakupita kichwani. Ngoma, kwa upande wake, inakufikia moja kwa moja.

Tafuta meza ya fundi mitambo, ile yenye vitufe na taa ndogondogo, kwa kawaida katikati au nyuma kidogo. Simama hatua mbili tatu mbele yake. Fundi anapima kwa masikio yake, kwa hiyo wewe unasikia anachosikia yeye.

Epuka chini ya roshani: herufi kama s, t na f hubebwa na sauti nyembamba, na hizo ndizo zinazozibwa kwanza na dari au bega la aliye mbele yako. Epuka pia baa. Kopo moja likifunguliwa linameza ubeti. Union Chapel ina mwangwi, basi kaa katikati, si pembezoni, na beba kitu laini cha kukalia. Viti havina namba kwa kawaida, hivyo fika mapema.

Vizibo vya masikio vya sponji navyo hufuta herufi hizohizo. Nunua vyenye kichujio, vinavyopunguza desibeli 15 hadi 20 kwa usawa.

Hatua ya 5: Wimbo ukianza

Zima mwanga na mlio wa simu. Rekodi kipande kimoja kama lazima, kisha iweke mfukoni. Usipige makofi gita likinyamaza ghafla. Mara nyingi ni pumzi tu, na ubeti mzito unafuata. Mwenzako akitaka kusimulia, tokeni nje kwanza.

Hatua ya 6: Rudi nyumbani

Kutoka Union Chapel hadi stesheni ya Highbury & Islington ni mwendo wa dakika chache. Laini ya Victoria, inayopita hapo, hukesha Ijumaa na Jumamosi pekee. Siku nyingine treni za mwisho hupita karibu saa sita usiku, kwa hiyo angalia ratiba kabla hujaingia ukumbini. Ukilipa nauli kwa kugusisha simu langoni unapoingia stesheni, gusisha simu ileile unapotoka. Simu na kadi huhesabiwa kuwa abiria wawili hata kama akaunti ni moja, na kila mmoja atatozwa nauli ya juu.