Namna ya Kufuatilia Asili ya Jina la Kitafunio

Anayetaka kujua jina la kitafunio limetoka wapi na aanze kwa kutafuta kitenzi cha Kiswahili kilichojificha ndani yake. Neno kitafunio lenyewe ni mfano mzuri. Ukiondoa ki- ya mwanzoni, utabaki na umbo lililotokana na kitenzi tafunia, kama vile kikalio kilivyotokana na kalia, na kifutio na futia. Kitafunwa limepitia njia nyingine, yaani hali ya kutendwa, nalo ni kile kinachotafunwa. Kwa maoni yangu umbo la kwanza ndilo linaloafiki zaidi desturi ya Mombasa, ambako chai ya asubuhi haihesabiwi kuwa imekamilika pasipo kitu cha kutafunia. Asusa lisichanganywe na hayo mawili, kwani wengi hulitumia kwa vile viliwavyo pamoja na kinywaji au kabla ya mlo mkuu.

Maandazi nalo lina kitenzi ndani yake, andaa. Hapa inafaa kufungua kamusi za zamani, kwa kuwa zamani neno hilo lilienea juu ya vyakula vingi vya unga na vya utamu vilivyoandaliwa, na leo limebaki kwa kimoja tu.

Kitenzi kisipopatikana, tazama chakula kinavyopikwa, kisha ulinganishe sauti za jina na za lugha zilizofika pwani kwa biashara. Mahamri yanalifunza hili vizuri. Unga hukandwa kwa tui la nazi, sukari, iliki na hamira, hufunikwa mpaka uumuke, husukumwa, hukatwa pembe tatu na kutiwa katika mafuta ya moto, ambamo kila kipande hufura na kuwa na uwazi ndani, tayari kuliwa kwa mbaazi za nazi. Kinachoyatenga na chapati ni kule kuumuka, na jina linasema hivyo hivyo: hamira ni khamira ya Kiarabu, yenye mzizi wa kh-m-r unaohusu kuchachuka, na mzizi huo ndio uliomo katika mahamri. Usiridhike na mfanano wa maana peke yake; hakikisha kwamba badiliko la sauti limetokea kwingine pia. Kh kugeuka h tunaliona katika khabar na habari, khatar na hatari, kwa hiyo ushahidi umesimama kwa miguu yote miwili.

Bajia na viazi vya karai havihitaji maelezo marefu: vyote viwili vinaelekea Bara Hindi, bajia kwa kitendo cha kukaanga na karai kwa chombo chenyewe.

Sambusa inataka historia zaidi. Jina linarejea kwenye Kiajemi cha kale, sanbosag, likapita katika Kiarabu na kuenea hadi India. Ibn Battuta, msafiri wa Kimoroko aliyelala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331 na kuandika kwamba chakula cha wenyeji ni ndizi na samaki, baadaye alieleza katika karamu za sultani wa Delhi sambusa za nyama iliyosagwa pamoja na lozi, pista, vitunguu na viungo, zilizofungwa kwa unga mwembamba na kukaangwa kwa samli. Ushahidi wa namna hii, wenye mahali na wakati, una uzito kuliko hadithi yoyote ya kubuni kuhusu jina.

Mwisho, wasikilize wapikaji wenyewe, hasa wakati wa futari za Ramadhani, na uandike kila matamshi kama yalivyo bila kuyasahihisha. Kaimati, vile vidonge vya unga vilivyopakwa shira, wengine huviita kalimati. Mtu anayelifuta umbo la pili akidhani ni kosa atapoteza ushahidi muhimu, kwa kuwa Kiarabu kina luqaimat, matonge madogo, na l hiyo ya kalimati ni mabaki ya l ya mwanzo iliyohama mahali pake, huku q ikigeuka k kama ilivyokuwa kwa qahwa na kahawa.