Klachi ya dragi: anza na flaiwili kwanza, klachi pleti baadae

Watu wengi wanaotengeneza gari ya mbio za dragi, zile za kukimbia mstari mmoja ulionyooka, swali lao la kwanza ni klachi pleti, yenye vipande vinne au sita vya kusugua, ya seramiki au kevla, wakati kitu cha kuamua kabla ya vyote ni flaiwili, lile gurudumu zito linalofungwa kwenye krenki ya injini na klachi pleti inabanwa juu yake, na nasema hivi kwa sababu pleti mbovu itakuharibia mbio tu ila flaiwili mbovu inakata miguu.

Flaiwili nyingi za kiwandani ni chuma cha kumimina. Chuma hicho ukikibana kinavumilia, ukikivuta kinakatika, na kikizunguka mara 7,000 au 8,000 kwa dakika kinavutwa kutoka katikati kwenda nje pande zote, afu ongeza moto wa msuguano unaoleta vinyufa vidogo vidogo usoni, siku ikipasuka vipande vinatoboa sakafu ya gari na miguu yako ipo palepale. Kwa hiyo ule mtindo wa kupeleka flaiwili ya kiwanda kwa fundi wa kukereza aipunguze iwe nyepesi, jamani acheni kabisa. Tafuta iliyokerezwa kwenye donge zima la chuma, au ya aluminiamu yenye bamba la chuma pale pleti inaposugua, maana aluminiamu yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 660 na ni laini, haitakiwi kusuguliwa moja kwa moja. Angalia muhuri wa SFI 1.1 au 1.2, SFI ni shirika la Marekani la viwango vya usalama wa vifaa vya mbio. Kule Marekani NHRA, chama cha mbio za dragi, wanalazimisha muhuri huo kwa gari inayomaliza mita 402 kwa sekunde 11.49 au chini ya hapo, pamoja na kava la chuma la kuzuia vipande.

Kati ya chuma na aluminiamu, kwa gari nzito kama Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ mie ningechukua chuma. Uzito wa flaiwili ndo unatunza nguvu ya kuondokea, ukiachia klachi na flaiwili nyepesi sana mizunguko ya injini inashuka gari inazubaa. Nyepesi inafaa gari jepesi yenye injini ya mizunguko ya juu.

Sasa pleti. Nguvu ambayo klachi inaweza kushika unaipata kwa kuzidisha vitu vinne: msuguano wa matirio, nguvu ya presha pleti (bamba la springi linalobana pleti kwenye flaiwili) kubana, idadi ya nyuso zinazosuguana, na umbali kutoka katikati hadi kwenye eneo la kusugua. Chukua mfano: msuguano 0.3, presha inabana nyutoni 8,000, nyuso mbili, umbali sentimita 10, unapata 480 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Ukiweka matirio ya 0.4 inapanda 640. Ukibaki na ile ya 0.3 lakini ukaweka pleti mbili, nyuso zinakuwa nne unapata 960. Hebu tazama vizuri, ukubwa wa eneo haumo kwenye hesabu kabisa! Vipande vitatu au sita havikuongezei kushika, vichache vinapunguza uzito gia ziingie haraka, lakini moto wote unarundikana kwenye sehemu ndogo na vinaisha upesi.

Oganiki, matirio ya kawaida ya kiwandani, ni laini, inaondoka bila kutetemeka, ila ikipata moto mwingi inateleza na kunuka. Kwa injini ya kiwanda inatosha. Kevla inadumu sana kama gari inatumika pia mjini, lakini ikiunguzwa mara moja uso unakuwa kama kioo na haurudi, kwa hiyo kwa mtu anayeondoka na mizunguko ya injini juu kila mara mie siipendekezi. Seramiki, ile ya unga wa shaba na vitu vingine uliobanwa na kuchomwa, ndo saizi ya wengi wetu, inavumilia moto, inashika ghafla. Ubaya wake inatetemesha gari, jaribu kupanda nayo Lushoto kutokea Mombo, kwenye zile kona ukisimama nyuma ya lori utajuta. Juu yake kuna chuma cha kusinta, yaani unga wa chuma uliobanwa na kuchomwa, hiki ni cha gari ya mbio tu, na wenye magari ya Top Fuel, daraja la juu kabisa la dragi, wanakitumia kwenye klachi inayotelezeshwa kwa makusudi, wanabadilisha pleti kila baada ya mbio moja. Ukiambiwa kinadumu milele kumbuka hilo.

Na sisi tuko Tanga, hewa ya chumvi. Matirio yenye chuma yanashika kutu, gari ikilala wiki kadhaa kule Raskazone au Sahare pleti inaweza kugandana na flaiwili. Iwashe, ibonyeze klachi, itembeze kidogo mara kwa mara.

Pleti yenye springi katikati inapunguza mshtuko kwenda kwenye giaboksi, isiyo na springi ni nyepesi ila kila mshtuko unaenda kwenye shafti na meno ya gia, kwa hiyo kama giaboksi ni ya kiwanda chagua yenye springi. Presha pleti nayo usikimbilie ngumu kuliko zote, kila unapobonyeza pedeli inasukuma krenki na kula beringi yake ya pembeni. Ndo maana nguvu ikizidi sana ni bora pleti mbili zenye presha ya wastani.

Wakati wa kufunga, beringi ya klachi mpya, bolti za flaiwili mpya, kaza kwa vipimo vya mtengenezaji. Futa uso wote, tone la grisi linaharibu kila kitu. Vumbi la klachi ya zamani usilipulize kwa upepo wa kompresa, spea za kale zinaweza kuwa na asibestosi, futa kwa kitambaa kibichi. Afu endesha taratibu mjini ukibadilisha gia nyingi bila kuondoka kwa fujo, kevla inataka hata kilomita 800 na zaidi, fuata karatasi iliyokuja nayo, ndo uipeleke kwenye barabara iliyofungwa rasmi kwa mbio.