Yoga kwa banaume benye mugongo imekauka: dakika 15 kila asubuhi

Bandugu, somo ya leo ni ya banaume, zaidi bamotari, basukuma chukudu (ile trotinete ya mbao ya kubeba mizigo) na bale benye banashinda wamekaa ku kompyuta. Miye niliendesha moto (pikipiki) miaka saba hapa Goma na munajua barabara zetu, unatoka Ndosho mpaka Birere juu ya mawe ya volkano, kila jiwe inapita ku mugongo, jioni nikishuka ku moto nilikuwa nashika kwanza ukuta, nangoja mugongo ikubali kunyooka njo nitembee. Viatu nilikuwa naita mutoto anifungie. Njo ilinifikisha ku yoga.

Wengine watasema ni mambo ya bamama. Huko India ilikotoka, mwalimu mkubwa Krishnamacharya alikuwa anafundisha vijana wa kiume kule Mysore miaka ya 1930. Na mu 2017 madaktari ya American College of Physicians waliweka yoga kati ya mambo ya kujaribu mbele ya vidonge kwa mugongo yenye inauma muda murefu.

Tafuta mukeka, taulo na kitenge moja. Tumbo iwe tupu.

1. Pumzi. Lala chali, magoti juu, mukono ku kitovu. Vuta kwa pua ukihesabu 4, toa ukihesabu 6, dakika tatu. Banaume wengi wanaruka hapa wanasema hakuna kazi, kumbe ukitoa pumzi polepole moyo inatulia na misuli inaacha kukaza. Kama unaruka hii, bora urudi kulala.

2. Paka na ngombe. Piga magoti, mikono chini ya mabega. Ukivuta pumzi, tumbo ishuke na kifua ifunguke, ukitoa, mugongo ipande kama paka amekasirika. Mara 8.

3. Mbwa. Toka ku ile ya paka, inua matako juu, kichwa ianguke kati ya mikono. KUNJA MAGOTI. Hapa njo tunajiumizaga, mutu anataka miguu inyooke kwa nguvu kama ananyanyua vyuma, na misuli ya nyuma ya paja imeshikana na mifupa ya makalio, kama ni mifupi inavuta kiuno na mugongo njo inalipa. Magoti yakunjwe, mugongo iwe murefu, visigino vikiwa hewani haina shida. Pumzi 5.

4. Muguu moja mbele, goti ya nyuma juu ya taulo (simenti inauma), shusha kiuno polepole. Utasikia mbele ya paja inavuta, ni kule kwenye kumekazwa na kukaa. Pumzi 5 kila upande.

5. Lala chali, pitisha kitenge ku unyayo, nyoosha muguu juu, vuta kidogo tu.

6. Lala tuu, macho yamefungwa, dakika tatu.

MASWALI

– Yaya, pastere wetu anasema yoga ni kuabudu miungu ya wengine. Miye nafanyaje?
Ni kweli imetoka mu dini za India, siwezi kuficha. Hapa juu hakuna maombi wala sanamu, ni kunyoosha na kupumua, na miye ile dakika tatu ya mwisho nasalia Baba Yetu. Roho yako ikikataa, usilazimishe.

– Maumivu yangu inatoka ku kiuno inashuka mpaka ku vidole, muguu inakufa ganzi.
Ndugu, wacha kabisa namba 3 na 5, nenda kwa daktari kwanza. Na kama muguu inakosa nguvu ao mikojo inakusumbua, usingoje kesho.

– Inasaidia mambo ya chumbani?
Inasaidia kulala muzuri na kupunguza mawazo, na hayo mawili yanahesabu sana. Lakini si dawa, kama shida inaendelea umuone daktari, inaweza kuwa sukari ao tension (presha ya damu).

– Miye ni mama, bwana yangu anasukuma chukudu, anatoa kabichi Kibumba. Anasema kazi yake ni sport tosha.
Mama, kazi yake inamupa nguvu, lakini anasukuma na muguu uleule siku muzima, upande moja inakaza kuliko ingine. Usimuambie yoga. Jioni akishanawa, mutandikie mukeka, mupe kitenge, afanye namba 5 tu, aanze na ule muguu anasimamiaka ku chukudu.