Kabla hujaingia kwenye nchi ya dubu wa grizzly

Ukiishi Missoula au Boise, magharibi mwa Marekani, au Calgary, Kanada, au ukija kutembelea ndugu zako huko, ipo siku mtapanga safari ya milimani, kwenye hifadhi za Yellowstone, Glacier au Banff, wanakoishi grizzly, yaani dubu wakubwa wa kahawia wa Amerika Kaskazini. Ni safari nzuri na sina nia ya kumtisha mtu. Takwimu za Hifadhi ya Yellowstone kuanzia 1979 zinaonyesha kuwa mgeni hujeruhiwa na grizzly takribani mara 1 katika ziara milioni 2.7. Ila usalama huo una gharama yake, nayo hulipwa kabla ya safari, kwa maandalizi. Na kila unachofanya kujilinda wewe kinamlinda dubu pia, kwa sababu dubu aliyezoea chakula cha watu mara nyingi huishia kuuawa na maofisa wa wanyamapori.

Kifo hicho ni hasara kubwa kuliko unavyodhani. Mwanzoni mwa karne ya 19 magharibi mwa Marekani kulikuwa na grizzly wanaokadiriwa kufika 50,000. Kufikia 1975, walipowekwa chini ya sheria ya kulinda viumbe walio hatarini, walikuwa hawafiki 1,000 nje ya Alaska. Leo ni kama 2,000. Wanaongezeka polepole mno: jike huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka mitano au sita, kisha hukaa karibu miaka mitatu kabla ya kuzaa tena. Akiuawa jike mmoja kwa sababu ya mfuko wa taka ulioachwa nje ya hema, pengo lake huchukua miaka mingi kuzibika.

Kwa hiyo anza na chakula. Julai 2021, katika mji mdogo wa Ovando, Montana, grizzly alifika usiku kwenye hema za waendesha baiskeli waliokuwa wamepumzika. Walimfukuza, wakaondoa chakula kwenye hema, wakarudi kulala. Baada ya kama saa moja dubu akarudi na kumuua mwanamke mmoja. Uchunguzi ulikuta bado kulikuwa na vyakula vikavu kwenye mifuko ya baiskeli kando ya hema, na vifaa vya kuogea ndani ya hema. Dubu huyo alipigwa risasi siku chache baadaye, akivamia banda la kuku. Mama wa watu amekufa na dubu amekufa.

Hapa nataka tuzungumze kuhusu majiko yetu. Dagaa, samaki wa kukaushwa, mafuta ya mawese, nyama iliyolowekwa kwenye viungo tangu jana yake: vyote hivyo vina harufu inayosafiri mbali, na pua ya dubu inanusa kuliko pua ya mbwa. Sisemi uviache nyumbani. Vipakie kwenye vyombo vinavyofunga kabisa, na ujue mapema vitalala wapi. Kambi nyingi za Yellowstone na Glacier zina makasha ya chuma ya kuhifadhia chakula. Mkienda kwa miguu mbali na barabara, beba pipa gumu lililothibitishwa kuwa dubu hawezi kulifungua. Mengi hujaribiwa mjini West Yellowstone, ambako hupewa grizzly wanaofugwa wayapige, wayang'ate na kuyakanyaga kwa saa nzima. Kama huna pipa, ning'iniza mfuko angalau mita 3 kutoka ardhini na mita 1.2 kutoka kwenye shina la mti. Pika na ule kiasi cha mita 100 kutoka mnapolala. Nguo ulizovaa wakati wa kuchoma nyama usilale nazo.

Watu husahau vitu visivyo chakula. Dawa ya meno, sabuni, mafuta ya nazi ya kujipaka, maziwa ya unga ya mtoto, hata nepi chafu: vyote vifungiwe pamoja na chakula. Mwenye mtoto mchanga ajiandae kwa hilo zaidi ya wengine, maana usiku wa manane, mtoto akilia, ni rahisi sana kuacha chupa ya maziwa ndani ya hema.

Kitu cha pili ni spreyi ya pilipili ya kuzuia dubu. Kinachowasha ndani yake ni kilekile kilicho kwenye pilipili za mboga, na ambacho wakulima kandokando ya hifadhi za Tanzania na Kenya hupaka kwenye kamba na matambara ili tembo wasiingie shambani. Nunua kopo lililoandikwa wazi kuwa ni la dubu, lenye gramu 225 au zaidi. Kopo dogo la kujikinga na vibaka halifai. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Utafiti wa Alaska uliochapishwa 2008 na Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao ulionyesha kuwa spreyi iliwazuia dubu wa kahawia katika visa 92 kati ya kila 100, na karibu wote walioitumia dubu akiwa karibu hawakujeruhiwa.

Lakini kopo lililo ndani ya begi halimsaidii mtu. Grizzly hukimbia kilomita 56 kwa saa, na ajali nyingi huanza na kukutana ghafla, mkiwa mmekaribiana. Livae kiunoni au kifuani. Kabla ya safari, simama uani ufanye mazoezi: toa kopo, ondoa kifungio cha usalama kwa kidole gumba, elekeza chini kidogo mbele yako. Rudia mpaka mkono uzoee. Dubu akikujia, unapuliza akiwa kama mita 9, ili aingie mwenyewe kwenye wingu la pilipili. Wapo wanaoipulizia kwenye hema au nguo kama dawa ya mbu. Usifanye hivyo, harufu iliyobaki inaweza kumvuta dubu. Na haipandi ndege, si mkononi wala kwenye sanduku, kwa hiyo anayesafiri kwa ndege apange kuinunua au kuikodi akishafika.

Msiende mtu mmoja mmoja. Yellowstone hushauri kundi la watu watatu au zaidi. Ongeeni, imbeni, pigeni makofi kila mnapokaribia kona, kichaka kizito au mto wenye kelele. Watoto wawe katikati, wasitangulie mbio. Epukeni alfajiri na jioni. Kuanzia mwishoni mwa majira ya joto ya huko muwe macho zaidi, maana dubu hula karibu mchana na usiku ili anenepe kabla ya usingizi wa baridi. Mkiona kunguru wengi wanazunguka mahali pamoja, au mkisikia harufu ya mzoga, geuzeni. Dubu hulinda mzoga kwa nguvu zake zote.

Mkiwa bado garini, kubalianeni mtafanya nini mkikutana naye, kila mtu arudie kwa sauti. Hakuna kukimbia. Kama hajawaona, ondokeni kimya mlikotoka. Kama amewaona, simameni pamoja, semeni kwa sauti ya chini, rudini nyuma taratibu spreyi ikiwa mkononi. Akikugusa, lala kifudifudi, begi libaki mgongoni, vidole vifunge shingo kwa nyuma, miguu itanuliwe asikugeuze kirahisi, na ukae hivyo mpaka aondoke. Ila dubu anayekuingilia hemani usiku, au anayekufuata kwa muda mrefu, huyo pigana naye kwa chochote ulichonacho. Kwa picha, sheria ya Yellowstone ni mita 91 kutoka kwa dubu. Msimamo wangu ni kuwa hata hizo ni chache kama ana watoto.

Wenzetu waliopata nyumba yenye kiwanja wana kazi ya ziada: kuku. Banda la kuku bila uzio wa umeme katika nchi ya grizzly ni mwaliko. Tofaa zilizoanguka ziokotwe kila siku, chakula cha mbwa kiingie ndani, na pipa la taka litoke asubuhi ya siku ya kuzolewa.

Siku ya safari, pitia kwanza kituo cha wageni uulize ni njia zipi zimefungwa. Mkikutana na dubu, toeni taarifa kwa askari wa hifadhi siku hiyohiyo, na mseme ukweli wote: mlikuwa umbali gani, alikuwa na watoto au mzoga, kulikuwa na chakula wazi. Dubu aliyekuwa akilinda watoto wake mara nyingi huachwa aishi, na njia hufungwa kwa muda. Maofisa hawawezi kulijua hilo kama aliyekuwapo amenyamaza au ameficha kwamba alimsogelea.