Kumwandaa mwanafunzi wa ufundi kwa fildi: adabu za kazi zinafundishwa karakana

Mwanafunzi wa umeme wa majumbani anaweza kufunga saketi nzima bila dosari na bado akarudishwa chuoni wiki ya pili ya fildi, yaani mafunzo ya vitendo kwenye sehemu ya kazi. Mara nyingi tatizo si waya. Alichelewa hakusema, au aliharibu kitu akanyamaza. Haya hayafundishiki kwa noti za ubaoni. Yarudiwe kila siku karakana, angalau muhula mzima kabla ya fildi.

Anza na taarifa. Anayejua atachelewa atume ujumbe kabla kipindi hakijaanza, wenye mambo matatu: jina, sababu kwa ufupi, saa atakayofika. "Mwalimu, ni Juma wa Umeme mwaka wa pili. Daladala imeharibika Ubungo, nitafika saa 2:20." Aliyefika na maelezo matamu bila kutuma ujumbe aandikwe mchelewaji. Aliyetuma usimgombeze mbele ya wenzake. Ukifanya hivyo, kesho atanyamaza.

Kuharibu ni hivyo hivyo. Mzoeshe kusema nini kimetokea, amefanya nini mpaka sasa, na anahitaji nini: "Nimekata waya wa taa, nimezima meni swichi, naomba uje uangalie kabla sijaunga." Anayeficha waya uliokatika nyuma ya plasta anaweza kuunguza nyumba ya mtu.

Maagizo nayo yana zoezi lake. Toa manne kwa mpigo, mara moja tu, kisha mwanafunzi ayarudie kwa maneno yake kabla ya kugusa kifaa. Likipotea moja, na litapotea, hapo ataelewa kwa nini fundi ana kijidaftari mfukoni.

Kwa usaili, gawa darasa watatu watatu: mwajiri, mwombaji, mwangalizi. Dakika 5, halafu wabadilishane. Mwangalizi aandike alichoona na kusikia tu. "Hajiamini" haimsaidii mtu. "Uliangalia chini ulipoulizwa mshahara" inamsaidia. Swali la mshahara lirudiwe zaidi kuliko mengine, maana wengi hujibu "wowote tu", jibu linalomwonyesha mwajiri kwamba hujaulizia bei ya kazi yako.

Usisahau saa. Barua ikiandika 10:00, ni saa 4 asubuhi. Wapo wanaofika saa 10 jioni wakiwa wamenyoosha shati, na nafasi imeshakwenda. Pia mwanafunzi awaombe ruhusa wadhamini kabla ya kuandika namba zao kwenye sivii, na laini yake mwenyewe iwe hewani.

Akishapata kazi, ajue kwamba kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki kabla hajatimiza miezi 6 kazini. Mwambie hivyo waziwazi, pamoja na maana yake: katika miezi hiyo, kutoonekana siku moja bila simu kunaweza kumgharimu kibarua.

Mkufunzi anapokwenda kukagua fildi, asiishie kusaini kitabu cha kumbukumbu. Amvute fundi pembeni, mwanafunzi asiwepo, amuulize: "Akikosea, anakuja kukwambia mwenyewe au unagundua?" Jibu likiwa la pili, zoezi la taarifa lirudiwe kwa darasa linalofuata, na kwa mwanafunzi huyo lianze siku hiyo hiyo.