Umepigwa faini na bodi ya taaluma? Anza na bahasha

Nina kiofisi cha kuandaa makaratasi hapa Ngamiani, Tanga. Wanaokuja ni makandarasi wadogo, wafamasia, mara mojamoja mhandisi. Wote huingia na swali moja: "Nalipaje?" Nami huuliza: bahasha iko wapi?

1. Andika tarehe uliyopokea barua, hapo hapo juu ya bahasha. Usiitupe, muhuri wa posta ni ushahidi. Niliwahi kumponza mteja kwa siku mbili tu: sheria ilisema siku tu, yaani na Jumamosi na Jumapili zimo, mimi nikahesabu siku za kazi. Rufaa ikakataliwa, akalipa yote, lawama nikabeba mimi.

2. Tafuta kifungu kilichotajwa kwenye barua, kisha soma sheria yenyewe, si ya kuhadithiwa kijiweni. Humo ndimo utaona rufaa inakwenda kwa nani na ndani ya siku ngapi. Kila bodi ina sheria yake. Ya wafamasia haimfai mkandarasi.

3. Kosa kama ni lako kweli, lipa yaishe. Kama unabisha, usikimbilie kulipa "kwanza tu". Utaulizwa mbona ulilipa.

4. Kulipa ni kazi ya dakika tano. Iombe bodi kontroli namba, ile namba ya kulipia serikalini yenye tarakimu 12. Mwenye M-Pesa apige *150*00#, aingie malipo ya serikali. Benki na mawakala nao wanapokea. Kabla ya namba ya siri, hakiki jina na kiasi. Anayekuambia utume kwenye simu yake, achana naye.

5. Rufaa ndiyo yenye kazi. Panga sababu moja moja, kila moja na kiambatisho chake. Mteja wangu alitozwa kwa kukosa kibao cha mradi kwenye saiti, Raskazone. Kibao kilikuwepo, upepo wa kusi ukakiangusha. Alitaka tuandike kurasa tatu za watoto na ada za shule. Nikakataa. Tuliandika ukurasa mmoja, tukaambatisha picha ya kibao kimesimama, yenye tarehe, na risiti ya aliyekichora.

6. Peleka nakala mbili, moja urudi nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa. Karani akikuambia "iache tu mezani", vuta kiti usubiri. Mimi nimeshasubiri mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, na muhuri nikaondoka nao.