Jinsi ya kuwinda asteroidi ukiwa hapahapa Moshi

Wadau wa Moshi, kuwinda asteroidi, yaani miamba inayozunguka Jua, za ule ukanda kati ya Mirihi na Mshtarii hakuhitaji uwe na darubini, na mawingu ya mlimani hayakuhusu maana picha zinapigwa na darubini za Pan-STARRS kule Hawaii. Tengenezeni timu, walimu wa sayansi hii inawafaa mno, jisajilini IASC (mradi wa kimataifa unaowapa watu wa kawaida picha za anga watafute asteroidi) ni bure, halafu wekeni Astrometrica, programu ya kuchambulia hizo picha, kwenye kompyuta ya Windows.

Sasa kazi yenyewe ndo hii: unapata picha za eneo moja la anga zilizopishana dakika kadhaa, ukizichezesha moja baada ya nyingine nyota zote zinatulia palepale, we tafuta kidoti kinachohama kwa mstari ulionyooka na hatua zinazolingana. Kikitokea picha moja tu kikapotea achana nacho, mara nyingi ni kasoro ya kamera. Usikimbilie, vile hafifu kabisa ndo vyenye nafasi ya kuwa vipya.

Ripoti inafika mpaka Minor Planet Center, kituo kinachoweka kumbukumbu za asteroidi zote duniani, kuthibitishwa kunachukua miaka, ila asteroidi ikishapewa namba mgunduzi anaruhusiwa kupendekeza jina, na mi natamani sana kuona jina la Kichaga huko juu.